Tusihifadhi Upinde Tukapoteza Kazi Yake

Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na kwa samaki na kwa watoto sina ubishi nao. Kwa upinde ninao. Mti mbichi ukiukunja unakunjika bila taabu, lakini unabaki vivyo hivyo ulivyoukunja. Ukiuachia haurudi kwa nguvu, na mshale unaangukia miguuni. Upinde unataka mti uliokauka, ule unaoshindana na mkono unaouvuta. Fundi anatakiwa aufanye mti mgumu ukubali kupinda, na ugumu wake usiupotee. Toleo hili la kazi za mbao linaanzia hapo kwa sababu naamini ujuzi huu tumeusajili mahali pasipo pake. Tumeuandika chini ya silaha na uwindaji, ilhali ni useremala, tena useremala wa daraja la juu.

Tuitazame kazi yenyewe. Gogo linapasuliwa kwa kufuata nyuzi zake, maana uzi uliokatwa na msumeno ndio mlango wa ufa. Kipande kinakaa kivulini, ncha zimepakwa nta au mafuta zisitangulie kukauka na kupasuka, mpaka maji yaliyobaki ndani yawe kama asilimia 10 hivi ya uzito wa mti mkavu. Kisha fundi anachagua mgongo, yaani upande utakaoelekea shabaha, na akishauchagua tezo haligusi tena upande huo. Mgongo ndio unaotanuka kila upinde unapovutwa, na nyuzi zake zikikatika kazi imekwisha. Kuchonga kunakobaki kunafanyika upande wa tumbo, ambao wenyewe unabanwa.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Ukipunguza unene wa mkono wa upinde kwa sehemu moja ya kumi, unapoteza zaidi ya robo ya ugumu wake. Ukiupunguza nusu, ugumu unaobaki ni sehemu moja ya nane. Ndiyo maana fundi anafika mahali anaweka tezo chini, anashika kisu, na kuanza kukwangua vumbi badala ya vipande. Anaukunja upinde kidogo tu, anautazama kwa mbali, na pale panapokataa kupinda anapapaka mkaa. Anakwangua mpaka mkaa uondoke, anaukunja tena, anatazama tena. Palipolegea kupita kiasi hapaongezeki. Itabidi apunguze kwingine kote ili kuwiane na hapo, na upinde utoke dhaifu kuliko alivyokusudia. Wala havuti hadi mwisho kabla mikono miwili haijapinda sawa, kwa sababu pale palipolegea patabeba mzigo wa upinde mzima, nyuzi za tumboni zitapondeka, na kilema hicho hakitoki.

Moto unakuja pale umbo linapokataa. Joto hulainisha ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na mti mkavu unaweza kunyooshwa au kupindwa ukiwa na moto huo, mradi ushikiliwe mpaka upoe. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanaifahamu kazi hii vizuri: fimbo inapakwa mafuta ya mnyama, inapashwa juu ya makaa, inatiwa kwenye panda ya mti na kukazwa kidogo kidogo. Upinde unaotoka hapo unakaribia urefu wa mtu, upote wake ni wa kano, na kuuvuta kunataka nguvu ya kama kilo 30. Mwaka 1970 James Woodburn alichapisha kupitia British Museum kijitabu kuhusu vyombo vya Wahadzabe. Nakitaja kwa heshima, kwani kwenye makumbusho nyingi upinde unaning'inizwa ukutani na kibandiko chenye jina la kabila tu. Mti haukutajwa, wala namna ulivyokaushwa.

Waata wa Tsavo, nchini Kenya, walikuwa na pinde nzito zaidi, za kuangushia tembo, na kuzivuta kulihitaji zaidi ya kilo 45. Hifadhi ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948. Miaka ya 1950 ikaja operesheni dhidi ya ujangili na wawindaji wengi wakafungwa. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji wote. Tembo anastahili kulindwa, na sitetei kurudi nyuma. Lakini sheria iliyomkataza mtu kuua mnyama ilimfanya pia aone haya kumwonyesha mwanawe namna ya kuchonga mti, na hasara hiyo hakuna aliyeikusudia.

Kwamba ingewezekana kutenganisha mambo haya mawili, Uingereza ni shahidi. Huko upinde uliacha vita zamani ukahamia kwenye mchezo wa kulenga shabaha, na mafundi wake hawakuisha. Meli ya kivita ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545, ilipoopolewa kufikia mwaka 1982 na kupatikana pinde zaidi ya 100 za mti wa yuu, walikuwapo watu hai wa kuzisoma kwa vidole na kuchonga nyingine mfano wake.

Kwetu navitaka vyuo vya ufundi stadi vimpe mwanafunzi wa useremala upinde mmoja auchonge kabla hajamaliza, maana sijaona zoezi linalompima mtu jicho, subira na uelewa wa mbao kwa pamoja kama hili. Makumbusho nazo ziweke kando ya upinde uliokamilika kipande kilichoishia nusu, na tezo, na jina la mti kwa lugha ya aliyeuchonga. Na msomaji anayejua kwao hutumika mti gani, hukatwa msimu gani na hukaushwa muda gani, atuandikie. Kurasa za mwanzo za toleo lijalo tumemwachia yeye.