Mtandao Ukikata, Nani Kashinda?

Muhula uliopita mimi na wenzangu watatu tuliandaa mashindano ya eFootball ya kwenye simu. Wachezaji 32, kiingilio shilingi 2,000 kwa kila mmoja, jumla 64,000. Tangazo tulilitengeneza likatulia, lina picha ya kombe na miali ya moto. Kila kitu kilikuwepo kwenye lile tangazo isipokuwa sheria. Chini kabisa tuliandika mstari mmoja tu: "Maamuzi ya kamati ni ya mwisho." Na kamati yenyewe ilikuwa ni sisi wanne, wawili kati yetu wakiwa ni wachezaji pia.

Robo fainali moja ilimkutanisha rumeti wangu na jamaa wa mwaka wa kwanza. Jamaa alikuwa anaongoza 2-1, dakika ya 71, mtandao ukakata. Ulikata kwa nani, mpaka leo hakuna anayejua. Rumeti alisema ni kwa mwenzake, mwenzake akasema ni kwa rumeti. Wote wawili walileta skrinshoti, na zote zilionyesha kitu kilekile: mawasiliano yamepotea. Kesi ikaletwa kwangu. Nikaamua mechi irudiwe yote, kuanzia 0-0. Ikarudiwa usiku uleule, rumeti akashinda 3-0.

Nilijiambia nimetenda haki, maana wote wameanza sawa. Lakini siku mbili kabla yake kuna mechi nyingine ilikata dakika ya 60, na sisi hawahawa tukampa ushindi aliyekuwa anaongoza. Yule jamaa alikumbuka. Akauliza kwenye grupu, kwa adabu kabisa: "Kaka, mbona juzi ilikuwa tofauti?" Mwenzetu mmoja wa kamati akamjibu kwa ule mstari wa kwenye tangazo, akaweka na kikatuni cha kucheka. Jamaa akatoka kwenye grupu. Hata elfu mbili yake hakuidai.

Nimeandika makala hii kwa sababu nasikia wizara ya michezo ya serikali yetu ya wanafunzi inataka kuandaa mashindano ya gemu ya chuo kizima. Ni jambo zuri, nami nitajiandikisha. Ila naomba wasifanye kama tulivyofanya sisi. Mashindano ya mtandaoni yanaharibika au kunyooka kabla mechi ya kwanza haijachezwa, siku ile sheria zinapoandikwa au zinapoachwa bila kuandikwa.

Sisi wa ualimu jambo hili tunafundishwa kila siku, sema tunadhani linahusu mitihani tu. Mwalimu anayetunga mtihani anatakiwa aandae mwongozo wa kusahihisha kabla hajakusanya karatasi. Akiuandaa baada ya kuona majibu, atajikuta anampendelea mtoto anayemjua, hata kama hakukusudia. Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha niliona wanafunzi wa kidato cha pili wakipokea alama 23 kwa 100 bila neno, kwa kuwa walijua kila alama imekatwa wapi. Na niliona darasa zima likinuna kwa ajili ya alama mbili ambazo mmoja kapewa na mwingine kanyimwa kwa jibu lilelile. Mtu anaweza kukubali kufeli. Asichokubali ni kufelishwa kwa sheria aliyoisikia baada ya kukusanya karatasi yake.

Tuanze na hilo la mtandao kukata, maana ndilo linalovunja mashindano mengi hapa chuoni. Mkicheza mtandaoni, kila mguso wako kwenye kioo unasafiri kutoka kwenye simu hadi mnarani na kuendelea mbele, kisha majibu yanarudi. Safari hiyo inapimwa kwa milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikifika milisekunde 200, hiyo ni moja ya tano ya sekunde, na kwa gemu ya mpira kipa wako ameshapitwa kabla hujamwona mshambuliaji akipiga. Hiyo ndiyo lagi tunayoilalamikia. Na jioni hosteli nzima iko hewani, huyu anaangalia muvi, yule anapiga simu ya video nyumbani, wote mnara mmoja. Kwa hiyo kukata kutatokea tu. Kamati inayosema "tutaona hukohuko" inajidanganya, kwa sababu hukohuko tayari kuna mtu anaongoza na mtu anafungwa.

Pendekezo langu ni hili, na lina mistari minne tu. Mechi ikikata kabla ya dakika ya 15 bila bao, inaanza upya. Ikikata baada ya hapo, au kukiwa na bao, mnafungua mechi mpya na kucheza dakika zilizobaki tu, mabao ya mwanzo yakihesabiwa. Ikikata baada ya dakika ya 80 na tofauti ni mabao mawili au zaidi, matokeo yanabaki. Na mechi hiyohiyo ikikata mara ya pili, mwamuzi anaipanga kwa siku nyingine, wachezaji wote wawili wakae sehemu moja yenye mtandao mzuri, mbele yake.

Kuna mtu ataniuliza: na anayezima data makusudi akiona anafungwa? Angalieni hiyo mistari tena. Ukizima data ukiwa unafungwa 2-1, bado utarudi ukiwa unafungwa 2-1. Hakuna faida uliyopata. Kamati haina haja ya kujua moyoni mwako kulikuwa na nini, wala kugombana kuhusu skrinshoti. Kosa langu lilikuwa hapo. Kurudia kuanzia 0-0 kulimpa zawadi aliyekuwa nyuma, awe amekata yeye au mnara. Sasa, ili hesabu ya dakika isibishaniwe, kila mchezaji arekodi skrini yake tangu mwanzo hadi mwisho. Simu nyingi siku hizi zina uwezo huo. Ambaye simu yake haina nafasi apangiwe mwamuzi wa kukaa naye.

Jambo la pili ni waamuzi. Mchezaji asiwe mwamuzi, basi. Na mwamuzi ambaye rumeti wake, mpenzi wake au mwana wa kijiji chake anacheza, akae pembeni kwenye mechi hiyo, mwingine aamue. Simwambii mtu kwamba ni mwizi. Mimi sikula hata senti moja, na usiku ule nililala usingizi wangu vizuri nikijiona mwadilifu. Ndiyo sababu nasema tusitegemee uadilifu wa mtu anayelala kitanda cha juu wakati mlalamikiwa yuko kitanda cha chini. Iwekwe pia nafasi ya rufaa: mchezaji ana nusu saa baada ya mechi kuleta lalamiko na rekodi yake, watu watatu wanaamua, na sababu ya uamuzi inaandikwa kwenye grupu ili kesi ya kesho iamuliwe vilevile.

La tatu ni mpangilio wa mechi. Sisi tulichagua mtoano kwa sababu ni rahisi: wachezaji 32 wanamalizika kwa mechi 31. Ubaya wake ni kwamba watu 16 walilipa 2,000 wakacheza mechi moja tu ya dakika kumi, wakaenda kulala. Mkigawa makundi 8 ya watu wanne, kila mtu anapata angalau mechi tatu. Mechi za makundi zinakuwa 48, na ukijumlisha mtoano wa 16 waliobaki pamoja na mshindi wa tatu unapata 64, kama Kombe la Dunia la Qatar 2022. Inaonekana nyingi, lakini ukimpa kila mwamuzi kundi lake, ana mechi sita tu za kusimamia. Hizo zinaisha kwa siku tatu.

Hapo kuna mtego mmoja, na mpira wenyewe ulishaunasa. Kombe la Dunia la 1982, mjini Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi ilicheza na Austria mechi ya mwisho ya kundi. Algeria ilikuwa imemaliza mechi zake siku moja kabla, kwa hiyo hao wawili walijua hesabu yote: Ujerumani ikishinda kwa bao moja au mawili, wote wanapita na Algeria inarudi nyumbani. Ujerumani ikafunga mapema, halafu wakaanza kupasiana tu mpaka filimbi ya mwisho, 1-0. Hakuna sheria iliyovunjwa, hivyo matokeo yakabaki. Kuanzia Kombe la Dunia la 1986, mechi mbili za mwisho za kila kundi zinachezwa saa moja. Nasi tufanye hivyohivyo. Marafiki wawili wa bloku moja wakijua kwamba sare inawapitisha wote, mnategemea nini?

La nne ni pesa. Zile 64,000 tulizikusanya kwenye simu ya mmoja wetu, na mgawanyo wa zawadi tukautangaza siku ya fainali. Hakuna aliyeiba, ila tulikaribisha maneno. Ingekuwa rahisi tu kuandika tangu mwanzo: wa kwanza 35,000, wa pili 15,000, wa tatu 8,000, na 6,000 zinazobaki ni bando za waamuzi. Mtunza pesa asiwe mchezaji, na mashindano yakivunjika kila mtu arudishiwe yake. Na kamati ipige marufuku mambo ya kubeti pembeni kwenye mechi zetu, maana siku mchezaji akiwekewa pesa ili afungwe, sheria zote nilizoorodhesha hapa hazitasaidia.

La tano nimelijua kwa kuambiwa. Dada mmoja tunayesoma naye kozi aliniambia alijiandikisha kwenye mashindano yetu kwa jina la kaka yake. Nikamuuliza kwa nini, akanionyesha kwenye simu yake mambo yaliyokuwa yakiandikwa kwenye grupu letu. Nilikuwa admini wa grupu lile, nayasoma kila siku, na sikuwahi kuona kwamba ni tatizo. Pia mechi zetu tulizipanga saa sita usiku ili watu watumie bando za usiku za bei rahisi. Anayeishi mtaani kwa shangazi yake, au mwenye kipindi cha saa moja asubuhi, tulikuwa tumeshamtoa kabla ya droo. Kwa hiyo sheria iseme wazi: matusi yanakutoa kama kuchelewa kunavyokutoa. Na ratiba iwape wachezaji muda wa saa mbili wa kuchagua wenyewe, jioni au wikiendi, wala isiguse wiki ya tesiti.

Najua kuna wasomaji wanaosema moyoni, "Si ni gemu tu, bwana? Mnataka katiba?" Hoja hiyo naielewa. Raha ya gemu ni kutaniana, na hakuna anayetaka kusoma kurasa kumi kabla ya kupiga mpira. Lakini yote niliyoyataja yanaenea kwenye ukurasa mmoja, ukibandikwa kwenye grupu wiki moja kabla na kila mchezaji akajibu "nimesoma" ndipo jina lake linaingia kwenye droo. Na utani unanoga pale watu wanapoamini matokeo. Sisi baada ya ile robo fainali hakuna aliyetania tena. Fainali ilichezwa watu wakiwa kimya, na bingwa, ambaye hakuwa rumeti wangu, alipewa pesa yake kama mtu anayelipwa deni.

Halafu kuna hili. Miaka michache ijayo wengi wetu tutakuwa walimu, wahasibu, maafisa wa kata. Tutagawa alama, zamu na nafasi za mafunzo. Sidhani kama mtu anaamka siku moja ofisini akaanza kuamua kesi ya rafiki tofauti na kesi ya mgeni. Anakuwa ameshajizoeza mahali fulani ambapo aliona ni mchezo tu.

Mwezi uliopita nilimtafuta yule jamaa. Nilimkuta kantini anakula chipsi, nikakaa, nikamwambia nilikosea, nikamtolea elfu mbili yake. Pesa alikataa. Akasema hakuumia kwa sababu ya kutolewa, kwani hata mechi ya marudio alicheza vibaya mwenyewe. "Ila kaka, sheria mliniambia nikiwa nimeshacheza." Nikamuuliza kama atajiandikisha kwenye haya mashindano ya chuo kizima. Akasema ataona kwanza tangazo lao limeandikwaje.

Waheshimiwa wa wizara ya michezo, huyo ni mchezaji wenu mmoja, na anasubiri kusoma. Picha ya kombe wekeni, hata miali ya moto wekeni. Chini yake wekeni na ukurasa wa sheria.