Watamu Inapanuka, Lakini Mwenda kwa Miguu Apite Wapi?

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi watu wa pwani tumeutumia msemo huu miaka nenda miaka rudi kuwalaki wageni wetu, na hapa Watamu, mji mdogo ulioko kusini mwa Malindi, mgeni amekuja kweli kweli. Alikuja kwanza kama mtalii, akarudi kama mwenye nyumba, na sasa anakuja kama mwekezaji wa mitaa mizima. Ninalokusudia kulichambua leo ni iwapo mwenyeji naye amepona. Kipimo changu hakitakuwa fedha za kigeni wala idadi ya vitanda vya hoteli. Kitakuwa kipimo ambacho kila mmoja wetu anakielewa, nacho ni mwendo wa miguu.

Hivi majuzi niliteremka kwenye matatu pale Gede, inapochepuka barabara ya Watamu kutoka barabara kuu iendayo Malindi, nikaamua kuumaliza mwendo uliobaki kwa miguu. Ilikuwa alfajiri. Nilidhani nitakuwa peke yangu, kumbe nilikuwa nimejiunga na msafara. Walikuwapo wapishi, madobi, watunza bustani, mafundi wenye vikapu vya zana, na watoto wa shule waliobeba mikoba mizito kuliko umri wao. Sote tuliandamana mmoja baada ya mwingine katika ukanda mwembamba wa mchanga kando ya lami, na kila gari lilipotupita kwa kasi tulirukia vichakani kama mbuzi waliofukuzwa shambani.

Nilifuatana na mama mmoja anayefanya kazi ya usafi katika nyumba za wageni. Nilipomuuliza hutumia muda gani kufika kazini, alicheka kidogo, kisha akanijibu: "Mwalimu, zamani nilikuwa nakata hapa katikati, nafika mapema, hata chai nanywa kabla ya kuanza kazi. Sasa pamejengwa ukuta. Kazi yangu iko upande wa pili wa ukuta huo, lakini sina budi kuuzunguka wote. Nikichelewa napanda bodaboda, na bodaboda ikinibeba asubuhi na jioni, ujira wangu nao umebebwa."

Maneno ya mama yule yananifikisha kwenye kiini cha makala haya. Katika miaka ya karibuni pamezuka nchini mtindo wa kujenga mitaa ambayo ningependa kuiita mitaa mseto, yaani mitaa ambamo nyumba za kuishi, maduka, ofisi, mikahawa na viwanja vya michezo vimepangwa pamoja katika eneo moja. Huko Kiambu upo mradi wa Tatu City wenye ekari zipatazo 5,000. Katika kaunti yetu wenyewe ya Kilifi, mradi wa Vipingo ulioanzishwa na kampuni ya Centum una zaidi ya ekari 10,000 katika eneo lililosifika kwa mashamba ya mkonge. Watamu haina ardhi kubwa kiasi hicho, lakini mtindo ni ule ule: ploti inazaa nyumba, nyumba zinazaa maduka, na maduka yanadai nyumba zaidi. Mabango ya wauzaji yanatuahidi kwamba mkazi ataweza kwenda kila mahali kwa miguu.

Sina ugomvi na wazo hili. Kinyume chake, ni wazo zuri, na historia yake inastahili kufahamika na kila mwanafunzi wa jiografia. Mwaka 1926, katika kesi maarufu ya mji mdogo wa Euclid, Mahakama Kuu Zaidi ya Marekani iliidhinisha sheria za kutenga maeneo ya makazi na ya biashara. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vitongoji vikatapakaa kote katika nchi hiyo, ambamo mtu hawezi kununua mkate bila kuwasha gari. Mwaka 1961 mwandishi Jane Jacobs alitoa kitabu mashuhuri cha kuupinga mpango huo, akatetea mitaa iliyochanganyika na njia fupi zenye watu. Hivi karibuni, jiji la Paris limeikumbatia fikra ya Profesa Carlos Moreno ya mji wa dakika 15, ambamo mahitaji ya kila siku yanapatikana kwa mwendo mfupi wa miguu au baiskeli.

Hata hivyo, msomaji mwenye macho hahitaji kwenda Paris kujifunza somo hili. Kitabu kimefunguliwa hapa hapa Gede. Magofu ya mji huo, ambayo Bwana James Kirkman alianza kuyachimbua mwaka 1948 na ambayo shirika la UNESCO liliyaingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, yanatuonyesha mji wa Waswahili uliostawi sana katika karne ya 15. Msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima, makaburi na nyumba za mawe vyote viko karibu karibu, na baina yake zinapita njia nyembamba. Mtu wa Gede aliweza kuchota maji, kuswali na kumjulia hali jirani yake bila ya kuhitaji punda. Lamu ingali hivyo hadi leo.

Lakini Gede inatufunza jambo la pili ambalo aghalabu hatulitaji. Mji ule ulikuwa na kuta mbili. Ndani ya ukuta wa kati waliishi wenye nyumba za mawe, karibu na msikiti mkuu na jumba la mtawala. Wengi wa watu wa kawaida waliishi nje yake, katika nyumba za udongo na makuti ambazo leo hazina hata msingi wa kuonyeshwa mtalii. Basi wenye kukaa ndani walikuwa na mji mwema wa kutembea. Nani atatusimulia mwendo wa wale wa nje?

Hapa ndipo ninapotofautiana na mabango ya wauzaji. Wao huupima mtaa kwa mwendo wa yule anayeishi ndani: kutoka mlangoni pake hadi dukani dakika tano, hadi kwenye bwawa la kuogelea dakika mbili. Mimi nasema kwamba mtaa unaotembeka ni ule ambao hata asiyeishi humo anaweza kuufikia na kuupita kwa miguu. Ikiwa mpishi, yaya na bawabu wa mtaa huo hulazimika kuuzunguka ukuta wake kandokando ya magari, basi mtaa huo haujapunguza mwendo, bali umeuondoa mguuni mwa tajiri na kuutia mguuni mwa maskini.

Kwa Watamu jambo hili ni zito zaidi kuliko kwingineko, kwa sababu ya umbile la mahali penyewe. Mashariki iko bahari, pamoja na Hifadhi ya Bahari ya Watamu iliyotangazwa mwaka 1968. Kusini na magharibi kuna hori la Mida na mikoko yake. Ukivuka barabara kuu unakutana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mji umebanwa, na ukanda wa kujengwa ni mwembamba. Wakati huo huo watu wanaongezeka: sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 1,109,735 katika Kilifi nzima, na ile ya mwaka 2019 ikahesabu 1,453,787. Mnamo mwaka 2018 baadhi ya wawekezaji walikuja hata na pendekezo la kujenga Watamu jengo la orofa 61, pendekezo lililozua upinzani mkali na ambalo halikutimizwa. Mahali palipobanwa kiasi hiki, njia moja ikizibwa haina badala yake isipokuwa barabara ya magari.

Na barabara ya magari si mahali pa mtoto wa shule. Takwimu za Mamlaka ya Usalama Barabarani zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 walifariki katika ajali nchini mwaka 2023, na kundi kubwa zaidi miongoni mwao lilikuwa la waenda kwa miguu. Walimu wanaonisoma wanaelewa maana yake. Baadhi yetu tumewahi kusimama mbele ya darasa lenye dawati moja tupu.

Msomaji atauliza, je, si haki ya mwenye ardhi kuizungushia ukuta ardhi yake? Naam, ni haki yake, na wezi nao wapo. Wala siwezi kukana kwamba miradi hii inawapa vijana wetu kazi. Lakini na tuikumbuke historia. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye kudai ardhi ya pwani waje na ushahidi wa umiliki, na Wamijikenda wengi hawakupata hati yoyote. Wakabaki kuitwa maskwota katika ardhi waliyoilima babu zao. Vijia vyao vya kwenda kisimani, shuleni na ufuoni vilikuwepo kwa mazoea, bali havikuandikwa katika ramani ya mpimaji. Anayejenga ukuta leo huenda hajavunja sheria yoyote. Karatasi yake haikuonyesha njia, ingawa mchanga uliionyesha.

Isitoshe, liko suala la ufuo. Kifungu cha 62 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Hiyo ni mali yako, msomaji, na ni mali ya mvuvi wa Watamu. Lakini haki ya kuumiliki ufuo pasipo njia ya kuufikia ni sawa na kumpa mtu chakula ndani ya chungu kilichofunikwa kwa jiwe asiloweza kuliinua.

Tufanyeje basi? Kwanza, serikali ya kaunti inao uwezo. Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaitaka kila kaunti kuandaa mipango, na inampa mamlaka ya kuidhinisha ujenzi kwa masharti. Sharti la kwanza kabisa kwa kila mtaa mpya wenye ukuta liwe kuacha njia ya umma inayopenya, iliyopimwa na kuandikwa katika ramani, yenye taa na kivuli cha miti. Gharama yake kwa mwekezaji ni ndogo ikiwa itaamuliwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa. Baada ya hapo itakuwa ni kesi mahakamani. Pili, kila barabara inapopanuliwa, ukanda wa waenda kwa miguu ujengwe pamoja na lami, wala usingojee bajeti nyingine. Jiji la Nairobi lilijiwekea sera ya namna hii mwaka 2015, na ingawa utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua, angalau mwananchi ana andiko la kumdai nalo kiongozi wake.

Tatu, nawageukia ninyi walimu na wanafunzi, kwa maana kazi hii hamhitaji kuingoja serikali. Mwalimu wa jiografia na awapeleke wanafunzi wake nje, wachore ramani ya kila kijia wanachokipita kuja shuleni: kinaanzia wapi, kinaishia wapi, kimetumika tangu lini kwa kauli ya wazee, na kinapita katika ploti ipi. Ramani hiyo ipelekwe kwa chifu na kwa afisa wa mipango, na nakala ibaki shuleni. Njia iliyoandikwa huweza kutetewa katika mkutano wa wananchi, ambao sheria inautaka ufanywe kabla ya miradi mikubwa kuidhinishwa. Njia isiyoandikwa hufa kimya kimya, na siku ya kuuliza ukuta umekwisha pakwa rangi.

Nilipofika mjini jua lilikuwa limepanda. Mama yule aliniaga penye kona ya ukuta, akashika njia ya kuuzunguka. Kwa juu niliona vilele vya minazi ya bustani ambayo yeye huisikia ikivuma kila asubuhi akiwa nje. Nilisimama nikatazama saa yangu hadi alipopotea machoni, na hakuwa amefika hata nusu ya ukuta.

Watamu itapanuka, tupende tusipende. Mipango ya miaka hii michache ndiyo itakayoamua kama wajukuu wetu watarithi mji au watarithi kuta mbili, kama zile za Gede, wao wakiwa upande wa nje. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Sisi wa Watamu tuna la kuongeza: kabla ya kujenga ukuta, acha njia.