Mjomba, usikate sakafu ya 404

Naandika kandanda, hilo mnalijua. Leo naomba dakika chache za mchezo mwingine, maana mjomba wangu anataka kutoboa sakafu ya Peugeot 404 yake. Fundi kamwambia gia ya usukani ni ya kizamani, bora aihamishie chini kama magari ya mashindano.

Magari gani hayo? 404, ambayo kwa kawaida ilitoka kiwandani na gia ya usukani, ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Katikati hapo, 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda na Volvo PV544, yenye gia ya chini ndefu kama mkongojo. Mitindo miwili, mashindano yale yale.

Tuseme ukweli: gia ya chini ina faida. Fimbo yake ikiingia moja kwa moja kwenye giaboksi, mkono unasikia gia inavyokaa. Ya usukani hupitia vyuma na viungo kadhaa kabla ya kufika huko. Bushi zikiisha, ni kama unakoroga uji: unatafuta namba mbili, unapata hewa. Hapo ndipo watu wanapoilaani. Lakini hilo ni kosa la bushi, si la gia! Mshambuliaji akichanika kiatu humuuzi, unambadilishia kiatu.

Vijana wenzangu watasema gia tamu ni ile fupi. Sikubali. Porsche 911 za mwanzo zenye gia tano ziliweka namba moja kushoto nyuma, ili mbili na tatu zikae mstari mmoja. Kwenye mbio ni raha, kwenye foleni ya mjini ni kero. Kila gia ina kiwanja chake. Swali ni moja tu: je, inakwambia ukweli uko namba ngapi?

Leo magari ya daraja la juu ya WRC yana fimbo ya kuvuta na kusukuma tu. Madereva wake nawapigia makofi, lakini ule ufundi wa mkono kutafuta njia yake, jicho likiwa barabarani, umebaki kwenye magari ya wazee. Tukiyakata nayo, tutaujifunzia wapi?

Mjomba, nunua bushi kwanza. Zisipokusaidia, fundi wako bado yupo. Ila sakafu ukishaikata, ndiyo imetoka.