Mlinda Lango na Hesabu ya Vikombe

Wapo watakaouliza mpira wa magongo wa barafuni unatuhusu nini sisi watu wa visiwani, ambao barafu twaijua ndani ya gilasi tu. Unatuhusu, kwa kuwa wahusika wa michezo wamezoea kuzipima timu za wasichana kwa vikombe peke yake.

Timu ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ilimaliza msimu wa 2006–07 kwa kushinda michezo 36, kutoka sare 4 na kufungwa mmoja tu, ikatwaa ubingwa wa vyuo. Lakini hesabu hiyo tamu ilikaribia kuharibika mjini Madison, mwezi Machi 2007, ilipokutana na Harvard. Dakika 60 za kawaida zilikwisha bila bao. Zikaongezwa nyingine, na nyingine tena, hata katika kipindi cha nne cha nyongeza, dakika ya 127 ikiwa imekwisha timia, ndipo Wisconsin ilipopata bao moja. Jessie Vetter wa Wisconsin alizuia mikwaju 37. Brittany Martin wa Harvard alizuia 67, na timu yake ikatolewa.

Sisi hatukubali kuwa aliyezuia 67 ndiye aliyeshindwa kazi. Wala walinda lango wa namna hiyo hawaoti kama uyoga: tangu 1972 sheria ya Marekani inakataza kuwabagua wanawake katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, michezo ikiwamo, na vyuo vimelazimika kuwatengea wasichana nafasi, walimu na fedha.

Tunawauliza wahusika: timu za wasichana zilizo chini yenu zimetengewa nini mwaka huu?