Mama Anayeketi Karibu na Mlango



Barua tunayoijibu leo ina maneno ya mama na mwandiko wa binti yake, mwanafunzi wa sekondari. Tumpongeze kwanza binti huyo. Si kila kijana angekubali kuandika habari za namna hii kwa heshima, pasipo kucheka na pasipo kuzipeleka kwa rafiki zake.

Mama huyo ana umri wa miaka 52, naye amezaa watoto wanane. Damu yake ya mwezi imekoma tangu miaka miwili. Tangu hapo, akikohoa, au akicheka, au akiinua ndoo, mkojo humtoka kidogo. Tena akirudi sokoni na mzigo mgongoni, akiuona tu mlango wa nyumba yake, haja humshika ghafula hata hafiki chooni. Ameacha kuimba katika kwaya. Kanisani anaketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Tangu Jumamosi jioni hanywi hata maji, ili Jumapili apate kukaa Misa nzima. Usiku analala chumba cha binti zake, na mumewe amekasirika, akidhani kwamba amechukiwa. Wifi yake amesema ni uchawi, akamletea mizizi ya kutia ndani ya mwili. Mwishoni anauliza mambo mawili: ni dhambi gani aliyoitenda, na je, yafaa aage Legio ya Maria?

Mama, hukutenda dhambi yoyote, wala hujalogwa. Huo ni udhaifu wa mwili, wanawake wengi mno wanao, na una matunzo yake. Mizizi ile itupe leo. Dawa za kutia ndani huunguza ngozi laini na kuleta vidonda, na ukiisha kupata kidonda utakuwa na magonjwa mawili badala ya moja.

Sasa tueleze namna mambo yalivyo. Sisi ni walimu, hatuwezi kumaliza ukurasa pasipo kueleza. Kibofu ni kama kibuyu chenye mdomo chini. Kinashikwa na misuli iliyotandwa chini ya fupanyonga, toka mbele hata nyuma, mfano wa kitanda cha kamba. Misuli hiyo ikikaza, mdomo unafungwa. Ikilegea, mkojo unatoka. Kila mimba inakitanua kitanda hicho, na kila uzazi unakitanua zaidi. Mizigo mizito inakisukuma chini: gunia la makala, mihogo, ndoo za maji zilizopandishwa mlimani miaka 30. Kisha, kati ya miaka 45 na 55, damu ya mwezi inakoma, nayo homoni ya estrojeni inapungua mwilini. Homoni hiyo ndiyo iliyokuwa ikilisha ngozi ya njia ya mkojo na kuifanya iwe nene na yenye unyevu. Ikipungua, ngozi inakuwa nyembamba na kavu, mdomo wa kibuyu haufungi vema, na maambukizo yanaingia upesi.

Kuna namna mbili za udhaifu huu, na mama yetu anazo zote mbili. Ya kwanza ni ile ya kikohozi na mizigo: tumbo linasukuma, mdomo unashindwa. Ya pili ni ile ya mlangoni: kibofu chenyewe kinajikunja kabla ya kujaa, kama mtoto mkaidi asiyengoja ruhusa.

Kwa hiyo ya kwanza, dawa iliyo bora haiuzwi popote. Ni kuizoeza misuli ile. Daktari mmoja wa Marekani, Arnold Kegel, aliandika juu yake mwaka 1948, na mpaka leo madaktari wanaanza hapo. Fanya hivi: ukiwa umekaa au umelala, kaza njia za chini kana kwamba unazuia mkojo na hewa pamoja, ukivuta kwenda juu. Usikaze matako wala mapaja, wala usizuie pumzi. Hesabu mpaka tano, legeza, pumzika kwa muda uleule, kisha rudia mara nane au kumi. Fanya hivyo mara tatu kila siku. Nguvu ikiongezeka, hesabu mpaka kumi. Lakini usifanye zoezi hilo wakati wa kukojoa, kwa maana utakifundisha kibofu kubakiza mkojo. Wengi huacha baada ya juma mbili, wakisema halifai kitu. Linataka miezi mitatu, kila siku, kama vile shamba linavyotaka miezi yake. Tena ukijisikia kukohoa au kupiga chafya, au kabla ya kuinua ndoo, kaza kwanza, ndipo uinue.

Kwa ile ya mlangoni, kibofu chafaa kufundishwa kungoja. Haja ikikushika, usikimbie. Simama au keti, kaza misuli mara kadhaa upesi upesi, fikiri jambo jingine, ngoja ipungue, ndipo uende polepole. Ukiwa na desturi ya kwenda kila saa moja, ongeza dakika 10 au 15. Baada ya siku kadhaa, ongeza tena, mpaka ufike saa tatu. Kazi hiyo inataka juma sita au zaidi.

Na maji? Hapo tunamsihi mama asikie vizuri. Kujinyima maji ni kujidanganya. Mkojo ukiwa mchache unakuwa mkali, unachoma kibofu, nacho kinajikunja zaidi. Tena choo kinakuwa kigumu, na kujikamua chooni kunazidi kulegeza kitanda kile cha kamba. Kunywa glasi sita hata nane kwa siku, ila punguza saa mbili kabla ya kulala. Linalofaa kupunguzwa ni kahawa, chai kali na pombe.

Labda baadhi ya mama zetu wazee wanajinyima maji kwa ajili ya Komunyo pia, kwa kuwa walifundishwa hivyo utotoni. Zamani mtu alifunga tangu usiku wa manane, hata tone la maji lilikatazwa. Lakini Papa Pius XII alitangaza mwaka 1953 kwamba maji hayavunji mfungo, na mwaka 1964 Papa Paulo VI akaupunguza mfungo uwe saa moja tu kabla ya kukomunika. Sheria ya Kanisa ya leo yaruhusu maji na dawa wakati wowote, na wazee na wagonjwa hawafungwi hata na saa hiyo moja. Basi mama, kunywa maji yako Jumapili asubuhi.

Kuhusu nguo: kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kipande cha kikwembe cha zamani, chafaa sana, mradi kibadilishwe kila kinapolowa, kifuliwe kwa sabuni na kukaushwa juani. Juani, tumesema, si chini ya godoro kwa kuficha. Kitambaa kisichokauka huleta wadudu na vidonda.

Hata hivyo, kabla ya mambo hayo yote, nenda kwanza kituo cha afya, upimwe mkojo. Pengine ni maambukizo, nayo yatibiwa kwa siku chache. Pengine ni ugonjwa wa sukari, hasa kama una kiu nyingi na unakojoa sana usiku na mchana. Kama unameza dawa ya presha inayoongeza mkojo, usiiache; muulize daktari saa inayofaa kuimeza. Ukiona damu katika mkojo, au damu ya uke ikirudi baada ya kukoma mwaka mzima, usingoje hata juma moja, kwa sababu yaweza kuwa dalili ya saratani, nayo ikionekana mapema yatibika vizuri zaidi. Ukisikia kitu kama yai kinashuka ukeni, ni tumbo la uzazi au kibofu kinachoteremka. Kuna pete ya kukitegemeza, na kuna upasuaji. Kwa ukavu wa ngozi kuna mafuta ya estrojeni yanayopakwa ndani ya uke kwa amri ya daktari.

Tena tusichanganye mambo. Mwanamke ambaye mkojo wake unavuja mfululizo, usiku na mchana, tangu alipopata uzazi wa taabu au upasuaji wa tumbo, pengine ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayafungi tundu. Linashonwa na mpasuaji. Kwetu mashariki ya Kongo kazi hiyo inafanyika katika hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018, na pia katika HEAL Africa huko Goma. Wako wanawake waliokaa na fistula miaka mingi, wakidhani ni uzee tu.

Kwa baba wa nyumba hiyo tuna neno. Baba, mke wako hakukuchukia. Amehama chumba kwa sababu anaogopa kulowesha kitanda mbele yako, na amenyamaza kwa sababu hajui utasema nini. Muulize kwa upole, nanyi mkiwa wawili tu. Mtafutie pesa ya kupimwa. Ndoo ya maji na gunia la makala waweza kuyabeba wewe, au wavulana wako. Hatujasoma katika Maandiko yoyote kwamba mgongo wa mwanamume umeumbwa kwa ajili ya kuegemea kiti.

Mtakatifu Marko, katika sura ya 5, atusimulia habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa waganga, akazidi kuwa mbaya. Akaja kwa nyuma, kwa siri, katikati ya watu wengi. Bwana hakumwacha aende kwa siri hivyo. Alimtafuta kwa macho, akamwita binti, akampeleka na amani. Tumelifikiri sana neno hilo tulipoisoma barua hii.

Kuhusu Legio, mama, usiage. Mwambie rais wako peke yake kwamba huwezi kupiga magoti muda mrefu na kwamba pengine utatoka katikati ya sala. Hana haja ya kujua zaidi. Benchi lililo karibu na mlango ni la kila mtu, nawe waweza kutoka Misa na kurudi pasipo kosa. Na kwaya, ingoje miezi mitatu ya mazoezi, kisha ujaribu sauti yako tena. Binti yako atuandikie.