Tupime Kwanza, Ndipo Tulaumu

Naomba niseme neno juu ya desturi moja mbaya iliyoota mizizi hapa shuleni. Kitu kikiharibika, twatafuta kwanza mtu wa kulaumu. Kasoro yenyewe twaitafuta mwisho.

Katika maabara yetu mna kompyuta ya zamani. Nyuma yake ina poti ya mawasiliano yenye pini 9, ambayo kompyuta nyingi za leo hazina tena. Kanuni za poti hiyo, ziitwazo RS-232, zilitolewa Marekani mwaka 1960, na mpaka leo vyombo vingi vya kupimia huzifuata. Kwa poti hiyo mizani yetu hupeleka uzito moja kwa moja kwenye kompyuta.

Jumatatu moja ya muhula huu tarakimu hazikuja. Mara tukasema, "Kompyuta imekufa." Mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Pili ndiye aliyefagia maabara Jumapili, basi tukamwandama yeye. Mimi nilikuwa mbele ya wenzangu katika kumsema. Siku mbili yule mtoto hakula vizuri.

Mwalimu wetu wa Fizikia hakumgombeza mtu. Alichomoa kebo, akachukua kipande cha waya, akaunganisha pini ya 2, ipokeayo, na pini ya 3, ipelekayo, kwenye poti yenyewe. Kisha akafungua programu ya mawasiliano, akaandika herufi. Herufi zikarudi kwenye kioo. Akaondoa waya, zikakoma. Kumbe poti ilikuwa nzima, nasi tulikwisha kuizika! Akarudisha kebo, akaunganisha pini zile zile kwenye ncha yake ya pili. Hapakurudi kitu. Tulipofungua kichwa cha kebo upande wa mizani, tukaona uzi mmoja umenyofoka kwenye pini yake. Mwalimu akaulehemu, na tarakimu zikaja.

Ndipo nilipokumbuka. Jumamosi mimi mwenyewe niliivuta mizani karibu na dirisha bila kuchomoa kebo. Nilikiri mbele ya darasa, nikamwomba radhi yule mwenzangu. Amenisamehe, lakini siku zile mbili siwezi kumrudishia.

Wako wasemao kwamba dawa ni kutupa kompyuta za zamani na kununua mpya. Sikatai kwamba mpya ni nzuri. Lakini hata mpya ingalifungwa kwa kebo ile mbovu ingalinyamaza vile vile, na fedha za wazazi zingalikwenda bure.

Kwa maoni yangu, yafaa kila mwanafunzi wa Fizikia afundishwe jaribio hili dogo. Atazame pia kama poti haikuzimwa katika mipangilio ya kompyuta. Tena alinganishe mwendo wa pande zote mbili, kwani mizani ikipeleka kwa 9600 na kompyuta ikisikiliza kwa 2400, yatakuja maandishi yasiyosomeka. Na jambo kubwa kuliko yote, asitajwe mtu jina kabla jaribio halijakwisha.

Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Haraka yetu ilimwonea mtoto wa watu. Mdogo shuleni hana wa kumtetea ila sisi wakubwa, nasi ndio tuliomshitaki.