Mzee pia ana haki ya kufikishwa hopitali mapema

Wandugu wachimbaji, na nyinyi mama wenye mnabaki ku nyumba, sikieni.

Tulizika mzee mmoja wa hapa Kavumu, mwenye alichimba kasiterite kule Nyabibwe mpaka nguvu ikaisha. Asubuhi alitoka jasho ya baridi, akakosa pumzi, akatapika. Hakusema kifua kinamuuma. Mmoja akasema ni malaria, mwingine akasema ni karuho. Wengine wakasema: acheni, ni uzee tu. Jioni ndipo tulipata motari wa kumpeleka Bukavu, kilometa karibu 30. Kule wakaomba kwanza pesa ya kutanguliza. Wakati tulikuwa tungali tunachanga, akakata roho.

Muganga alituambia ilikuwa moyo. Damu inaganda ndani ya mshipa wenye kulisha moyo, na kila saa inayopita, sehemu ingine ya moyo inakufa. Kwa wazee ugonjwa huu unajificha. Mara nyingi kifua hakiumi. Iko tu kukosa pumzi, kutapika, kulegea ama kuchanganyikiwa. Ndiyo maana wazee wetu wanafika hopitali saa zimepita.

Tunakataa maneno ya kusema mzee hatibiki. Mwaka 1988 waganga walitoa matokeo ya uchunguzi wa ISIS-2, uliofanywa kwa wagonjwa 17,187. Aspirini, dawa ya bei ndogo, ilipunguza vifo kwa asilimia 23, na wenye kupita miaka 70 nao walifaidika. Ni kweli, dawa kali ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumtoa mzee damu ndani ya kichwa, na hata aspirini haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoka damu. Juu ya ile, muganga apime kwanza. Lakini kupima si kukataa.

Sheria ya kazi namba 015/2002 inamlazimisha mwajiri kumtibisha mfanyakazi na jamaa yake, lakini mpaka mwisho wa mkataba tu. Wengi wetu ku mashimo hatuna mkataba hata siku moja. Na mwenye alikuwa nao, akizeeka, unaisha. Mtu alitoa nguvu yake yote, na leo anaombaomba pesa ya motari.

Tunaomba mambo matatu. Koperative ziweke sanduku la dharura, na wazee wenye waliacha kazi wahesabiwe ndani. Hopitali zitibu kwanza, pesa ifuate. Vituo vya afya karibu na machimbo vipate mashine ya kupima moyo, na mtu mwenye anajua kuisoma.

Na sisi wenyewe: mzee akikosa pumzi ghafla, ama akitoka jasho bila kufanya kazi, tusiketi kubishana kama ni karuho. Tumpeleke saa ile ile.